Mzee Kiwanja

Kwa mujibu wa madalali watatu walionitembelea mwezi uliopita, mimi ni bilionea. Wa kwanza alisema bilioni moja kamili, wa pili akapandisha hadi bilioni moja na milioni mia mbili, na wa tatu, ambaye hakuwa hata amevuka geti, alisema tusigombanie pesa ndogondogo bali tukae tuzungumze kama watu wazima. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemwomba mama muuza nyanya wa pale nje anikopeshe fungu moja hadi pensheni itakapoingia, naye, kwa kuwa hajasomea mambo ya mali zisizohamishika, akanikatalia.

Ninakaa Mikocheni, Dar es Salaam, mahali palipopata jina kutokana na mikoche, ile miti ya jamii ya mnazi yenye matunda ya kahawia ambayo watoto wa zamani waliyaguguna mpaka meno yakalegea. Leo unaweza kutembea kutoka Barabara ya Mwai Kibaki hadi karibu na bahari ukahesabu mageti ya umeme, kamera za ulinzi na mbwa wenye daktari wao, lakini mkoche hutauona. Nilimilikishwa kiwanja changu mwaka 1981, nikiwa karani wa masijala wizarani, na nilipowaeleza wenzangu ofisini walinipa pole, kwa sababu mtu mwenye akili zake alitaka Upanga au Magomeni, karibu na kazi na karibu na basi la UDA, si huku kwenye vichaka na mabonde ya mpunga. Mmoja aliniuliza kama nimemkosea nini Afisa Ardhi. Jiji zima, kwa sensa ya 1978, lilikuwa halijafikisha watu milioni moja. Sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya milioni tano na laki tatu, na wakati mwingine nahisi kwamba wote hao wanataka kupita mbele ya geti langu saa moja asubuhi.

Nyumba niliijenga kwa miaka sita. Wasiozikumbuka nyakati zile hawawezi kuelewa sentensi hiyo fupi ina jasho kiasi gani. Saruji ilipatikana kwa kibali, nondo zilipatikana kwa kujuana, na misumari ilipatikana kwa kuomba dua, kwa hiyo matofali tuliyafyatua wenyewe, mimi na mke wangu, Jumamosi na Jumapili, yeye akiwa na mtoto mgongoni na daftari za wanafunzi za kusahihisha ndani ya kikapu. Kila tofali la nyumba ile ninalijua kwa tabia. Lipo moja upande wa jikoni ambalo mpaka leo hutoa unyevu kila masika, nami hulipapasa nikasema, pole, wewe tulikufyatua siku ile mchanga ulipokuwa na chumvi.

Sasa sikilizeni kisa kilichonitoa kwenye kiti. Kijana mmoja wa bodaboda wa kijiweni petu alikuja na simu yake, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akaniuliza, “Mzee, hapa si kwako?” Nilivaa miwani. Lilikuwa tangazo lenye picha, na kitu cha kwanza nilichokitambua katika picha ile hakikuwa nyumba bali msuli wangu wa buluu ukiwa umeanikwa kwenye kamba, ule wenye kiraka nyuma, ukipepea mbele ya macho ya wanunuzi wa dunia nzima. Chini yake yaliandikwa maneno haya: “Kiwanja inauzwa Mikocheni, mita za mraba 1,400, hati safi, ina nyumba ya kubomoa.”

Ina nyumba ya kubomoa! Miaka sita ya kufyatua matofali, vyumba vinne, sebule, baraza yenye sakafu nyekundu ambayo mke wangu huipiga deki mpaka ukiinama unauona uso wako, yote yametiwa ndani ya maneno manne kana kwamba ni mbigili inayohitaji kufyekwa. Nilimpelekea mke wangu simu ile nikitarajia atalia, maana tulijenga wote. Yeye, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akasema kwa hasira ambayo sijaiona tangu watoto waache kufaulu imla, “Kiwanja kinauzwa! Si inauzwa! Na kina nyumba, si ina nyumba! Mtu anataka bilioni na ngeli ya KI-VI inamshinda!” Kuhusu kubomolewa hakusema lolote. Tangu siku hiyo vijana wa kijiweni wananiita Mzee Kiwanja, na nikipita kwenda dukani wananiamkia kwa cheo hicho.

Nisichoweza kukimeza ni kwamba mchezo umegeuzwa nikiwa uwanjani. Nilipokuwa ninajenga, umiliki wa ardhi wa kudumu ulikuwa umekwisha kufutwa tangu 1963, ardhi ilikuwa ya umma, na ardhi tupu haikuwa na bei. Uliruhusiwa kuuza ulichokiweka juu yake, yaani nyumba, kisima, ukuta na minazi yako, ambavyo wenyewe waliviita maendelezo. Sisi tukatii, tukaendeleza, maana kiwanja bila nyumba kilikuwa ni nyasi na nyoka tu. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ikabaki ya umma chini ya Rais kama mdhamini wetu, lakini sheria ikatambua kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani. Ni jambo la haki na silipingi. Ila tazameni lilivyonishukia mimi: nilipokuwa na nguvu za kufyatua matofali, ardhi ilikuwa bure na nyumba ndiyo mali, nilipomaliza kuezeka, kupiga lipu na kupaka rangi mara nne, ardhi ikawa mali na nyumba ikawa uchafu unaompunguzia mnunuzi bei, kwa sababu, kama alivyonieleza dalali wa pili bila aibu, “Baba yangu, kuibomoa nayo ni gharama.” Hati yangu ni ya miaka 99, itaisha mwaka 2080, na kwa kasi hii sitashangaa kama ikifika tarehe hiyo nyumba nzuri zaidi itakuwa ile ambayo haikujengwa kabisa.

Jirani yangu wa mashariki, mhasibu mstaafu, alikubali. Simlaumu, alikuwa na kisukari na watoto wenye mipango. Waliibomoa nyumba yake kwa siku moja na nusu, nami niliihesabu kwa saa, kisha wakachimba shimo ambalo wiki mbili nzima lilipumua kama mnyama, na pampu zikatapika maji mtaani usiku na mchana. Leo hapo pana ghorofa kumi. Jua, ambalo zamani lilikuwa likiingia uani kwangu saa moja, siku hizi huripoti kazini saa tano kasorobo, hukaa kidogo kama mkaguzi, kisha huondoka, na mke wangu ameacha kuanika dagaa kwa sababu wanachacha kabla hawajakauka. Faragha nayo tumeisahau. Yuko mtoto mmoja wa ghorofa ya nne, ana adabu sana, ambaye kila nikitoka bafuni la uani na taulo huniita kutoka barazani kwao, “Shikamoo babu!” nami sina budi kuitikia marahaba nikiwa nimeshika taulo kwa mikono miwili. Juzi alinielekeza embe lililoiva kwenye tawi la juu la mwembe wangu, ambalo mimi mwenye mti sijapata kuliona tangu nilipoupanda.

Lakini jua na taulo ni mambo ya kuvumilika. Kinachonimaliza ni maji. Huku kwetu, kila anayejenga humwaga kwanza kifusi, malori kwa malori, ili kiwanja chake kiwe juu ya kiwanja cha jirani, na jirani wa jirani naye humwaga zaidi ili awe juu ya huyo, na barabara nayo ikitengenezwa huinuliwa, kwa hiyo mtaa mzima unapanda isipokuwa mimi. Nyumba yangu niliijenga ikiwa na ngazi tatu za kupanda kutoka barabarani. Sasa ina ngazi mbili za kushuka. Sijaihamisha hata kwa inchi moja, ila nchi imeondoka ikaniacha, na kila mvua za masika zikianza maji ya watu wenye uwezo huja kunisalimia sebuleni, yakiwa yamebeba chupa, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na mwaka juzi kapu zima la maua ya harusi. Chemba ya maghorofa nayo ikijaa, gari la majitaka hufika alfajiri, likanguruma chini ya dirisha langu, na harufu yake haina habari kwamba eneo hili ni la bilioni.

Najua wapo watakaosema ninalalamika kwa kushiba, kwamba kuna watu Jangwani wanaolala juu ya meza mvua zikinyesha na hakuna dalali anayewafuata. Ni kweli. Nami sisemi kwamba nina shida kuliko wao. Nasema tu kwamba maji yakifika magotini hayaulizi jina la mtaa.

Mwanangu wa kwanza anaishi Goba, anafanya kazi Posta, na kwa kuwa anaondoka gizani na kurudi gizani, mke wake humwonyesha picha zake watoto wasimsahau. Alikuja Jumapili na hesabu kwenye karatasi. Alieleza kwa heshima kwamba Mikocheni ni mahali pa watu wanaotaka kuwa karibu na mjini, kwamba tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 upande huu wote umezidi kutamaniwa, na kwamba mimi, mstaafu nisiyekwenda popote, ninakalia ukaribu ambao siutumii. Kisha akasema tukiuza tunaweza kujenga nyumba nne nzuri Kigamboni. Nikamuuliza kwa nini nne. Akakohoa. Nina watoto wanne. Nikamuuliza mimi na mama yake tutakaa katika ipi, akasema, “Yoyote, baba, kwa zamu,” na mke wangu akaondoka kwenda kutazama maharage ambayo yalikuwa yameshaiva tangu saa nne.

Dalali wa tatu ndiye fundi wa kweli. Huyo hakuja na bei, alikuja na ubia: mimi nitoe kiwanja, mwekezaji atoe fedha, lijengwe ghorofa, na likiisha nipewe nyumba mbili ghorofa ya saba zenye hati zake, maana tangu mwaka 2008 ipo sheria ya kummilikisha mtu sehemu ya jengo. Alieleza vizuri mpaka nikaanza kujiona nimesimama kwenye kibaraza cha juu nikimwamkia mtoto wa watu anayeoga. Mke wangu alikuwa na maswali matatu tu. La kwanza, kuku wake saba watakaa ghorofa ya ngapi. La pili, ile ada ya kila mwezi ya lifti, mlinzi na jenereta italipwa na pensheni ya nani. La tatu, lifti ikiharibika ni nani atakayembeba “huyu,” akanionyesha kwa kidole bila hata kunitazama. Dalali alijibu kwamba lifti hizo huagizwa nje. Alipobanwa kuhusu thamani ya nyumba hizo alitaja shilingi, kwa sababu kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini alikuwa akifumba jicho moja kila mara kabla ya kutoa jibu, na nikaelewa kwamba kichwani alikuwa bado anazidisha kutoka kwenye dola.

Walipozidi, niliamua kufanya kama Watanzania wenzangu, nikaweka tangazo ukutani. Kila mtaa wa jiji hili una nyumba iliyoandikwa kwamba haiuzwi, mara nyingi kwa herufi nyekundu na onyo kwa matapeli, kwa sababu imewahi kutokea mtu akarudi safari akamkuta mgeni na mkataba wake barazani. Nilimtafuta fundi rangi, tukapatana shilingi elfu arobaini, rangi yake, ngazi yangu. Nikamwelekeza kwa sauti, mbele ya mashahidi wa bodaboda, aandike maneno matatu tu, Nyumba Hii Haiuzwi, kwa herufi kubwa, ili hata aliye kwenye foleni ayasome bila kushusha kioo. Kisha nikaenda msibani Kawe na roho nyeupe.

Nilirudi saa kumi. Kazi ilikuwa safi, mistari imenyooka, herufi zote kimo kimoja, nyekundu kama ya zimamoto, kuanzia kwenye geti hadi kwenye nguzo ya umeme: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Nilimwita fundi nikamuuliza neno nyumba limekwenda wapi. Alikuwa anaosha brashi, kijana mpole, akanijibu bila ubaya wowote, “Mzee wangu, nilichungulia kwanza ndani. Nikaona nikiandika nyumba, watu hawataelewa unazungumzia nini.”

Sikuwa na neno. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo kiunoni, msuli wangu wa buluu ukiwa juu kabisa. Aliusoma ukuta ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudia mara ya pili polepole akifuatisha kwa kidole hewani kama alivyokuwa akifanya ubaoni, kisha akasema kwamba huyu angalau ngeli zake zimekaa sawa, nimlipe.