Mto wa Duara
Mshauri mmoja wa kwenye simu anatuagiza tuchague chumba kisichotumika, tukifanye mahali pa taamuli. Ningependa bwana huyo aje Goma anionyeshe chumba hicho, kwa maana katika nyumba yangu ya mbao hata uvungu wa kitanda una kazi: umebeba makala, bidoni za maji na masanduku ya binamu waliokuja kutusalimu mwaka jana na ambao bado wanatusalimu.

Daktari alipoona presha yangu alisema nitafute angalau dakika kumi za kukaa kimya kila siku. Nami, kwa kuwa ni mtu ninayeheshimu elimu, niliitangazia familia kwamba pembe iliyo nyuma ya kabati isiguswe tena. Mke wangu aliuliza kama panya nao wamearifiwa. Habari ya ukimya tuiache. Spika za makanisa mnazisikia kama ninavyozisikia. Sakafu ndiyo inayonisumbua, kwa sababu nyumba yetu imesimama juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo ilitumwagia Januari 2002, na saruji tuliyoyafunika nayo ni nyembamba kiasi kwamba nikikaa kidogo tu, mlima wote unanipanda kupitia makalio.

Walimu wa taamuli wanasema nyonga zikae juu kuliko magoti, ili mgongo unyooke bila kulazimishwa, na watawa wa Zen kule Japani wana mto wa duara kwa kazi hiyo, zafu, ambao kwa desturi hujazwa pamba ya msufi. Kwa hiyo nilikwenda soko la Virunga kwa fundi wa mito, nikamweleza kwa adabu kwamba nahitaji mto wa duara, mgumu, wenye kimo cha shubiri moja.

Fundi aliweka mkasi chini, akanisogelea.

"Papa, imekuanza lini?"

"Nini?"

"Usione haya. Kazini unakaa sana?"

Nilimfafanulia kwamba mto huo ni wa kukalia huku nimefumba macho na kuhesabu pumzi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema kwamba bawasiri ikikomaa lazima mtu afumbe macho, na kwamba shemeji yake naye alikuwa akihesabu pumzi hivyo hivyo kabla ya kupasuliwa. Kisha akauliza, kwa sauti iliyozoea kushindana na vinu vya mahindi, kama aache tundu katikati. Mama muuza ndizi alisema tundu ni la lazima. Mama wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, alipinga vikali, kwamba tundu huongeza uvimbe, na kwamba dawa ni kukalia beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kijana mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyosheheni magunia ya makala alisimama kutoa ushahidi wa baba yake mzazi, njia ikaziba, pikipiki zikaanza kupiga honi, na abiria mmoja alipouliza kuna nini mbele, alijibiwa kwamba ni makalio ya papa huyu.

Nilitamka kwa utulivu kwamba makalio yangu ni mazima. Hakuna aliyesikia, nikarudia. Jamani, mtu anataka kukaa chini! Kukaa tu! Tangu lini kukaa kumekuwa ugonjwa? Hapo nilikuwa nikipiga kelele, na kama daktari angenipima wakati ule, kile kifaa chake kingepasuka.

Noti yangu ya dola ilikataliwa kwa kuwa ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni ambao fundi aliuona bila miwani. Ya pili aliipokea, lakini tangu benki za Goma zifungwe Januari 2025 chenji imekuwa shida, hivyo faranga elfu mbili zangu zimebaki kwake. Ndani ya mto kuna vipande vya sponji na, nikibonyeza vizuri, kitu kinachofanana na kifungo cha koti.

Habari zilitangulia kufika nyumbani. Mama jirani alikwisha kuleta majani ya kuchemsha, akanipa bila kunitazama usoni. Mto wenyewe unakaliwa na shangazi, ambaye anachambulia maharage pale pembeni, nyonga juu ya magoti, mgongo umenyooka, wala hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kumwambia shangazi ainuke. Kuhusu zile faranga, mimi niliamua kumwachia fundi, ili nisipite tena mbele ya mama wa sambaza. Mke wangu anasema elfu mbili ni mboga ya sombe ya leo, na kwamba niende kabla mvua haijanyesha.