Mia Mbili Yangu Yenye Pengo

Mwenzenu nimewahi kuwa tajiri kwa siku nne. Jumatatu, kwenye daladala la Mbagala, konda alinirudishia chenji ya mia mbili yenye pengo la mviringo ukingoni, kama andazi lililong'atwa. Herufi zilizo jirani na pengo hazikukatika ghafla, zilififia taratibu. Nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba sarafu zenye kosa la kiwandani zinatafutwa na watu wenye pesa zao. Nikashuka kituo kimoja kabla, nisije nikachomolewa.

Nyumbani nikatangaza kodi ya miezi sita imepatikana. Mke wangu akaigeuza-geuza. "Baba Zuwena, si mbovu hii?" Nikamsamehe.

Ila kitu kimoja kiliniudhi. Upande wa pili, mkabala kabisa na pengo, ukingo ulikuwa umefifia, hauna tuta. Nikaona kasoro hii itanishushia bei. Nikaazima tupa kwa fundi baiskeli, nikapanyoosha kwa mapenzi yote, nikamalizia na ndimu na majivu. Ikang'aa, Sheikh Karume akawa kama katoka kinyozi.

Ijumaa nikampelekea mzee mmoja wa Kariakoo anayekusanya sarafu. Akavaa miwani, akachukua na lenzi. Pengo likampendeza. Akanieleza kwamba visahani vya sarafu hukatwa kwenye bamba. Bamba lisiposogea vizuri, kikatio huangukia tundu la mwanzo, kisahani kikatoka kimemegeka. Kikiingia kwenye mashine ya kubana kingo, mkabala na pengo hakuna kinachosukuma, basi ukingo wa pale hufifia.

"Ndiyo alama yenyewe, mwanangu. Mhuni akikata kwa msumeno mtaani, mkabala hubaki mzima. Haya, tuone ya kwako."

Akaigeuza. Kimya. Akapitisha kucha kwenye mikwaruzo ya tupa.

"Hapa palikuwaje?"

"Palikuwa pamefifia, mzee. Nikapatengeneza."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama vile tatizo liko kwenye miwani. Kisha akamwita muuza kahawa, akaagiza kikombe kimoja. Chake.

Jioni, narudi Mbagala, nikaichanganya kwenye nauli. Konda hakuhitaji lenzi.

"Mzee, hii imekatwa. Lete nyingine."