Kutua kwa mbele hakuulindi muundi
Eti unapokimbia, ukiacha kutua kwa kisigino ukatua kwa mbele ya wayo, muundi (mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti) hautapata ufa. Hiyo ni nusu ya kweli. Kishindo cha kwanza kinapungua, sawa, lakini mzigo mkubwa kwenye mfupa huo huja baadaye, katikati ya hatua, misuli ya shavu la mguu inapovuta. Kutua kwa mbele kunaifanya ivute zaidi, na kano ya kisigino na mifupa ya wayo ndiyo inayoumia, hasa ukibadili ghafla. Afadhali fupisha hatua: kwa kasi ileile, toka hatua 160 kwa dakika hadi 170, bila kuongeza kilomita. Na mfupa ukiuma sehemu moja ukiubonyeza, pumzika hata kama eksirei ni safi. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani. Makocha mliomo humu, mnahesabu hatua za wakimbiaji wenu?