Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Mdogo wangu alipopata mchumba Lushoto, wazee waliniteua niwe miongoni mwa wapeleka posa, na safari ilipangwa mwezi wa Julai, wakati ambapo sisi watu wa Ngamiani, pale Tanga mjini, huisikia baridi ya milimani kwa kuhadithiwa tu. Koti sikuwa nalo. Fundi wa mtaani aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, nami nikijua kwamba wiki mbili za fundi huzaa nyingine mbili, niliazima cherehani ya shangazi nishone mwenyewe.

Kiolezo sikuwa nacho pia, ila nilikuwa na koti kuukuu la marehemu baba. Nililitandaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikapitisha penseli pembeni mwa mgongo, vipande vya mbele na mkono. Mkono niliuchora mmoja tu, kwa kuwa nilijiona mwerevu: si pacha hawa?

Kitambaa kilikuwa pazia zito la mtumba, la rangi ya kahawia, ambalo upande mmoja uling'aa kama mahameli na wa pili ulikuwa mkavu kama gunia. Laiti ningelikunja, uso kwa uso, mkasi ungenipa mkono wa kulia na wa kushoto kwa mara moja. Lakini nililitandaza wazi, nikakata mkono wa kwanza, nikausogeza mchoro ule ule bila kuugeuza, nikakata wa pili. Ajuaye kushona ameshashika kichwa. Mkono wa koti haulingani pande zake juu: mbele huchimbwa zaidi, nyuma huachiwa nafasi ili mtu aweze kunyoosha mkono. Nilikuwa nimejikatia mikono miwili ya kushoto, na kuugeuza mmoja nje ndani kungelitoa lile gunia hadharani.

Shangazi alipita, akavisogeza vile vipande kwa kidole cha mguu, akaniuliza, "Baba, yote miwili ya kushoto! Huko ukweni pilau utalila kwa mkono gani?"

Pazia lilikuwa limekwisha, nikaishona hivyo hivyo. Mkono wa kulia ulijipinda kuelekea nyuma, nikawa kama mtu anayeficha kitu mgongoni.

Kosa la pili sikuliona mpaka nilipolivaa. Nilikuwa nimekata juu ya mstari wenyewe, bila kuacha nafasi ya mshono, na kila mshono wa ubavu ulikula sentimita 3, yaani koti lilipungua sentimita 6 kifuani kabla ya kupumua. Shangazi alinivisha kwa kunivuta kama anayevisha mto foronya, na ilituchukua muda mrefu kiasi kwamba niliapa kutolivua hadi Lushoto. Basi likafika Mombo, kwenye joto la tanuri, abiria wote wamebaki na mashati, nami nimeketi wima ndani ya pazia, jasho likinitiririka, nikizihesabu kona zote za zile kilomita 33 za kupanda mlima.

Kusema haki, tulipofika baridi ilikuwepo kweli, na kwa muda wa kama nusu saa nilijiona mshindi. Mshenga alizungumza vizuri, barua ikapokewa, kisha mzee mmoja akaomba dua na sote tukainua mikono. Wa kushoto uliinuka. Wa kulia nao ulipoanza kuinuka, nyuma yangu ulisikika mlio mrefu, "chaaaa," kama mtu anayechana magunia, na upepo wa Usambara ukaingia hadi kiunoni. Mwomba dua alinyamaza kidogo, akamalizia kwa haraka, na "Amin" iliyoitikiwa ilikuwa ya watu wanaouma midomo. Bibi mmoja wa upande wa mke, bila neno, alinitupia kanga mgongoni, nami nikamalizia shughuli nimejitanda kama bibi harusi.

Baada ya chai mwenyeji wetu alinisogelea, akalipapasa koti kwa adabu kubwa, akasema, "Mwanangu, hebu tutajie fundi wako, nasi tumjue."

Nikamjibu kwamba yuko Ngamiani, ila siku hizi hashoni tena.