Amri ya Nani? Ushairi wa Vita na Askari Asiyeonekana

Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai ikikaribia, sisi tunaopenda ushairi hapa Moshi huanza tena ubishi wetu wa kila mwaka. Kuna wanaosema tenzi na ngonjera zetu za vita ni sifa tupu: bendera, damu, ushindi, basi. Watoto wanazikariri bila kujua kwamba askari ni mtu mwenye miguu inayochubuka na tumbo linalouma. Wenzao wanajibu kwamba nchi iliyovamiwa haihitaji mshairi wa kulialia, na kwamba mashairi ya Kizungu ya kuchukia vita, tuliyoyapokea madarasani, yaliandikwa na watu waliopigana vita vya wafalme wao. Ya kwetu yalikuwa mengine.

Naona wote wana hoja, ila hawana hoja sawa. Sifa ina haki yake. Lakini mshairi akimtuma mtu vitani anabaki na deni kwake, na katika ushairi wa Kiswahili sehemu kubwa ya deni hilo haijalipwa mpaka leo.

Tuanze na pale ambapo sifa inashinda bila taabu: mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora mifugo, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema maneno ambayo watu wazima wengi wa nchi hii wanayo kichwani hadi leo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Yasome polepole. Ni mishororo mitatu yenye kiini kimoja na mwisho unaorudiwa, na katikati kabisa ameiweka sababu. Anayekwenda kufa ameambiwa kwa nini. Sijui utenzi wa vita uliofanya kazi hiyo kwa maneno machache hivyo.

Kisha nyimbo zikafuata. Aliyesoma shule ya msingi nchini na kukimbia mchakamchaka alfajiri anaukumbuka ule wa kwamba Idi Amin akifa mimi siwezi kulia, nitamtupa Kagera awe chakula cha mamba. Ni wimbo mkali, na ulifaa: unapanga pumzi, unapanga hatua, unamfanya adui awe mdogo kiasi cha kuliwa na mamba. Kwa kijana wa mgambo aliyetolewa shambani na kupewa bunduki, kumdogosha adui ni msaada wa kweli. Anayeudharau wimbo ule leo akiwa amekaa kwa amani ajiulize amani hiyo ilitoka wapi. Hapa Moshi hatuhitaji kuuliza mbali, maana Machi 1979 ni katika mji huu Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana, wakaunda UNLF, umoja wa kumng'oa Amin, na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Hata hivyo, yule “mimi” wa wimbo wa mamba hana mwili wala jina. Yumo Amin, umo mto. Anayekimbia kuelekea huko haonekani.

Kasoro hiyo ni ya zamani. Utenzi wa Tambuka, wa Mwengo bin Athumani wa Pate, uliandikwa mwaka 1728 kuhusu vita vya karne ya saba, na uzuri wake wote uko kwa mashujaa wanaotoka mbele ya safu na kujigamba. Muyaka bin Haji naye alikuwa sauti ya Mombasa na watawala wake wa Mazrui, na akiwachokoza maadui wa mji wake, hakuna anayemfikia kwa ulimi. Wote wawili wanaitazama vita kutoka upande wa wakubwa.

Shaaban Robert ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu nampenda zaidi. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru unasimulia vita vya 1939 hadi 1945 katika beti takriban 3,000, na aliutunga akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mbali na mstari wa mbele. Wapo wanaomlaumu: uhuru gani, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza? Lawama hiyo ni nyepesi mno. Katika miaka ya 1930 Ujerumani ilikuwa inadai irudishiwe makoloni yake, na walowezi wa Kijerumani wa Arusha, Oldeani na Moshi walikuwa na wafuasi wa Hitler miongoni mwao. Mtu wa Old Moshi aliyesikia habari hizo mwaka 1939 alikuwa anaweza kumjua mzee aliyeshuhudia Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, akinyongwa na Wajerumani Machi 1900. Kwake, kumzuia Mjerumani asirudi kulikuwa jambo la nyumbani kabisa. Shaaban hakukosea kuchagua upande.

Ninachomdai ni kingine. Huyu ndiye aliyemlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo mpaka leo watu wanalisoma na kunyamaza. Alijua kumtaja mtu mmoja na kifo kimoja. Katika utenzi wa vita tunapitishwa nchi baada ya nchi, na vijana wa Tanganyika waliopelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma hawapati machozi ya namna ile.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni kwamba utenzi wenyewe hauruhusu: mizani nane kila kipande, vina vitatu vinaitana, cha nne kinarudi kwenye bahari, yaani kina kimoja kinachofunga kila ubeti, na mwendo huo unamsukuma mtunzi mbele kama gwaride. Ningeukubali kama mshairi Mwana Kupona hangekuwepo. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitumia umbo hilohilo kuzungumza na binti yake, na kila ubeti una pumzi ya mtu aliye hai. Umbo halina kosa. Tatizo ni mtunzi amekaa wapi.

Hapo ndipo yale mashairi ya Kizungu ya kuchukia vita yanapokuwa na nguvu, pamoja na kwamba vita vya watunzi wake havikuwa vyetu. Wilfred Owen, mshairi wa Kiingereza, alikuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alimwandika askari anayekoroma kwa gesi ya sumu, kisha akauita uongo ule msemo wa Kirumi kwamba kuifia nchi ni jambo tamu. Wanaosema mashairi ya namna hii yanazaa woga wasisahau kwamba Owen alirudi vitani kwa hiari, akapewa nishani ya ushujaa, na akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama. Alikuwa na uzalendo wake. Alichokataa ni kuwadanganya watoto.

Mfano mzito zaidi, kwetu sisi, ni wa mshairi mwingine wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Mwanawe John aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18. Mwaka 1919 Kipling alichapisha mishororo miwili ya kaburini inayosema kwamba wakiuliza kwa nini tulikufa, waambieni ni kwa sababu baba zetu walisema uongo. Huyohuyo ndiye aliyetoa maneno yaliyowekwa kwenye sanamu ya Askari Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Watu wake aliwaambia ukweli mchungu. Askari na mpagazi wa Afrika aliwapa ahadi.

Na ahadi haikutimizwa. Vita vile vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa karibu na Moshi, Latema, Reata na Kahe, Machi 1916. Kwenye makaburi ya vita ya Moshi, jiwe la askari wa Uingereza au Afrika Kusini linakupa jina, cheo, kikosi na tarehe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Walichoacha askari hao wa Afrika wenyewe ni nyimbo. Askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Mwingereza, walikuwa na wimbo wa kutembea unaosema tufunge safari, kisha unauliza: amri ya nani? Jibu: amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya. Nchi haitajwi, wala sababu. Uweke kando ya maneno ya Mwalimu utaona tofauti ya kulazimishwa na kushawishiwa. Lakini angalau katika wimbo wa Keya anayeuliza ni askari mwenyewe.

Kuhusu Kagera tunao utenzi wa Henry Muhanika wa mwaka 1981, na ngonjera zisizohesabika. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba askari wetu 373 walikufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa na adui katika mapigano. Ajali, maradhi na mambo mengine yaliwachukua waliobaki, 277. Ushairi unaojua risasi peke yake hauna ubeti hata mmoja wa kuwapa hao.

Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anaelekea 70. Wapo Kibosho, Rombo na Arumeru, na wengi walitembea kwa miguu kutoka Mutukula kupita Masaka hadi Lukaya. Mwalimu anayeandaa ngonjera ya Julai aache mamba wapumzike mwaka huu, ampelekee mmoja wao daftari na kumuuliza: walikula nini, nani aliugua njiani, walimzika wapi, na jina lake lilikuwa nani. Vina vitapatikana baadaye.