Petroli Imepanda, Boom Liko Palepale

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kikomo za mafuta, wa kwanza kulia ni mwenye gari. Alie vizuri, si ana gari? Mwanachuo wa Dar hata toroli hana, lakini petroli anainunua kila siku, tena kwa bei ambayo EWURA haijawahi kuitangaza.

Chukua boda. Pikipiki ya CC 150 inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Lita ikipanda shilingi 200, hiyo ni shilingi 5 kwa kilomita. Geti la chuo hadi geto ni kilomita 3, yaani shilingi 15. Boda anaongeza 500! Mpigie hesabu uone: "Dogo, hiyo kumi na tano unayo hapo?" Na kweli huna. Nani anayo?

Daladala angalau ina nauli inayopangwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, iliyotoka 500 hadi 600 Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Ile 200 ya mwanafunzi usiitaje. Konda anaangalia sare, na wewe una ndevu. Mafuta yakipanda dereva haruhusiwi kugusa nauli, basi anagusa ruti. Katikati ya njia, "mwisho wa gari!" Mnashuka, mnapanda nyingine, 600 tena. Kwenda na kurudi, 2,400 imeyeyuka na hujaonja hata andazi.

Boom lenyewe, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni 10,000 kwa siku, kiwango cha 2022, chakula na malazi humohumo. Hapo nasema aliyepata mkopo. Asiyepata tumwache apumzike.

Viazi vinashuka kutoka Njombe kwa Fuso ya dizeli, na mama ntilie anajua akipandisha sahani mtahamia kibanda cha jirani. Kwa hiyo bei haigusi, anabadilisha upawa. Maharage unayaona moja moja, yanaogelea. Ndipo inapoanza pasi ndefu: chai ya saa nne asubuhi inakwenda kudakwa na ugali wa saa mbili usiku. Saa nane mchana mhadhiri anafundisha mfumuko wa bei, tumbo linatoa mifano.

Kichekesho ni mwezi wa bei kushuka. Ikipanda saa 6:01 usiku, alfajiri boda ameshapandisha, na tangini ana mafuta ya jana. Ikishuka, muulize hata baada ya wiki mbili: "Haya niliyajaza kabla, dogo." Tangi gani hilo?