Usiniambie ni plastiki tu

Jumanne iliyopita nimetoka kazini nakuta bahasha mlangoni. Bahasha, siyo boksi. Nimeiokota, na kabla sijatia ufunguo kwenye kitasa nikasikia kitu kinacheza ndani yake. Moyo ukanilipuka pale pale barazani.

Ilikuwa kadi ya mchezaji wa kikapu Hasheem Thabeet ya msimu wake wa kwanza, 2009-10, iliyopimwa ubora na kampuni ikapewa daraja 9 kati ya 10, kisha ikafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo. Nimeisaka karibu mwaka mzima. Muuzaji aliizungushia karatasi moja ya printa, akaitumbukiza kwenye bahasha, akabandika stempu, basi. Pembe ya chini ya kasha imemeguka. Ufa umeanzia hapo ukapanda mpaka usawa wa goti la Thabeet. Na chenga moja ya plastiki, ndogo kama punje ya sukari, imeingia ndani ikakaa katikati ya kasha na kadi. Nilipoiinamisha chini ya taa ya jikoni niliiona inateleza kutoka begani mpaka kwenye ile namba 34, na nyuma yake ikaacha mstari mwembamba juu ya mng'aro wa kadi. Nikaacha kuigeuza hapo hapo. Nikailaza mezani, uso juu, na kwa siku tatu sikuigusa tena.

Nikamtumia muuzaji picha nne. Alijibu kesho yake. Kadi yenyewe iko salama, aliandika, iliyovunjika ni plastiki tu. Akaahidi kunirudishia dola 5.

"Ni plastiki tu" nimeisikia mara nyingi mno. Naisikia kwa wenye meza kwenye maonyesho ya kadi hapa Houston, kwa vijana wa kundi letu la WhatsApp, hata kwa watu walioanza kukusanya kabla yangu. Safari hii imenifika kooni.

Wengine mtauliza kwa nini nahangaika na Thabeet wakati sokoni bei yake iko chini. Tarehe 25 Juni 2009, huko New York, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, jina lake lilisomwa la pili, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kwetu Dar ilikuwa usiku wa manane unaelekea alfajiri. Nilikuwa kidato cha tatu. Tulikesha kwa jirani mwenye dishi, watu kumi na kitu kwenye sebule moja, na yule mtoto wa Dar, mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, alipopanda jukwaani kupeana mkono na David Stern, mkuu wa ligi wakati ule, baba yangu alivua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia. Hakuwahi hata kushika mpira wa kikapu. Yaliyofuata mnayajua: timu yake, Memphis, ilimshusha ligi ndogo kabla msimu wa kwanza haujaisha, Februari 2011 akahamishiwa huku kwetu Houston, akacheza mechi chache. Wanaomcheka wamcheke. Ile kadi naipenda kwa ajili ya usiku ule.

Sasa nirudi kwenye hiyo plastiki. Kadi ikishapimwa, anayenunua hanunui karatasi peke yake. Ananunua neno la mtu mwenye jicho, aliyekaa na ile kadi akatazama pembe zote nne, kingo, uso, mgongo na jinsi picha ilivyokaa katikati, akasema 9. Halafu kadi ikafungiwa mahali ambapo mtu mwingine hawezi kuifikia bila kuacha alama. Ndiyo maana makasha haya hayana skrubu wala bawaba. Pande zake zinaunganishwa kwa mitetemo mpaka plastiki inashikana yenyewe kwa yenyewe. Aliyelifungua lazima ajulikane. Kasha likishakuwa na ufa, ile kazi yake kubwa imekwisha, hata kama kadi ndani inang'aa kama siku iliyotoka kiwandani.

Na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Wapo wanaopasua kasha kwa utulivu kando kando, wanatoa kadi nzuri, wanaweka mbovu, wanagundisha. Ukienda kuhakiki namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni, inakubali, maana lebo ni ya kweli. Iliyobadilishwa ni kadi. Kinachokuokoa ni macho yako: ule weupe kama ukungu unaojitokeza pembezoni mwa kasha, kingo zilizochubuka, nyufa. Mnunuzi makini akiona dalili hizo anaweka chini anaondoka, na anafanya vizuri. Kwa hiyo leo nikimpelekea mtu Thabeet wangu mwenye ufa, ana haki kabisa ya kunitilia shaka. Nitamwapia nini, na hanijui? Mimi ni mwaminifu, lakini uaminifu wangu haukuandikwa kwenye lebo. Uliandikwa kwenye uzima wa lile kasha, na mtu wa mbali ameuvunja kwa sababu hakutaka kutafuta boksi.

Najua yupo atakayenikumbusha kadi ya Wagner. Nakubali, kwa shingo upande. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, moja ya kampuni za kupima kadi, mwaka 1991, ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, ya toleo liitwalo T206. Ikapewa 8, mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8, halafu mwaka 2013 Bill Mastro, muuzaji wa kadi aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kasha zima, lebo safi, na kadi iliyochongwa. Sawa, wapimaji ni binadamu. Lakini hakimu akikosea kesi moja, hatuchani majalada yote ya mahakama.

Hayo ni ya thamani na soko. Linaloniuma zaidi ni ile chenga. Watu wengi wanaamini kadi ikishaingia kwenye kasha imefika pwani, hakuna la kuidhuru tena. Wanalitupa kwenye begi pamoja na funguo, wanalipanga mnara kama matofali, wanalifunga kumi kumi kwa mpira wa noti. Lile kasha ni gumu, na kitu kigumu kikigongwa pembeni hakibonyei, kinamegeka. Kikishamegeka, vipande vina makali, na pa kwenda ni ndani. Kadi iliyopita mikononi mwa watu miaka yote hii bila mkwaruzo, imekuja kukwaruzwa na kitu kilichowekwa kuilinda.

Na kufunga mzigo vizuri ni kazi ya dakika tano. Kasha linaingia kwanza kwenye mfuko wake laini, ile inayouzwa pakiti ya mia kwa bei ya soda mbili tatu, lisipate mikwaruzo. Halafu unalibana katikati ya vipande viwili vya boksi gumu vilivyozidi kasha kila upande, kwa kuwa pembe ndizo zinazotangulia kuumia. Funga vipande hivyo kwa ile tepu ya bluu ya mafundi rangi, na ncha yake uikunje kidogo ili anayepokea apate pa kushika. Ukiweka selotepu unamlazimisha achukue kisu, na kisu kikiteleza kinatua juu ya kasha. Kisha plastiki ya vipovu, mizunguko miwili. Kisha boksi. Boksi, jamani! Bahasha inapita kwenye mashine zenye magurudumu, inapindwa, inarushwa, inalaliwa na mzigo wa kilo kumi. Ukimaliza, tikisa boksi karibu na sikio. Ukisikia chochote kinatembea, fungua uanze upya.

Nimewahi kununua kadi ya dola 8 kwa mzee mmoja wa Iowa. Dola 8! Ilikuja imefungwa kwa namna hiyo hiyo, na juu ameandika kwa kalamu "kata hapa, usikate pale". Nilikaa na lile boksi mkononi nikijisikia nimeheshimiwa na mtu ambaye sitamwona maisha yangu yote.

Pengine haya yametoka kwa mama. Nyumbani kwetu rimoti iliishi ndani ya nailoni yake mpaka nailoni ikawa ya njano, ndipo mama akaivika nyingine. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kabati la vyombo lilikuwa na ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga, na vikombe vyenye maua vilishuka Idi na Idi. Siku hizi watoto wa mjini wanawacheka mama zetu kwa hilo. Mimi siwacheki. Vile vikombe mama alivinunua kwa pesa za mchezo mwaka ambao baba hakuwa na kazi, na vyote sita bado vipo, havina hata ufa mmoja. Kulinda kitu ilikuwa njia yake ya kusema kwamba kimegharimu, na kwamba aliyekigharamia anakumbukwa.

Mengine niyataje tu. Usiache kasha kwenye gari majira ya joto ya Texas, hata dakika ishirini za kuingia dukani. Usilisimamishe dirishani, jua linakula rangi na sahihi ya kalamu, na kasha halilizuii vya kutosha. Halizuii pia unyevu, kwa kuwa linapitisha hewa, na walioko Dar, Tanga au Mombasa waweke vile vifuko vya kunyonya maji tunavyotupa kila tukinunua viatu. Bei usiibandike juu ya kasha lenyewe, ibandike kwenye mfuko. Na gundi ikibaki, usithubutu kuisugua kwa maji ya kuondolea rangi ya kucha. Mpwa wangu alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na plastiki iligeuka nyeupe mbele ya macho yake kama maziwa yaliyomwagika kwenye kioo. Alilia. Kitambaa cha kufutia miwani na subira vinatosha.

Kuhusu zile fremu za mpira za kuvalisha kingo na yale maboksi ya alumini yenye sponji, nilikuwa napinga, nikiona watu wanauziwa woga. Kwa kadi za bei kubwa, na kwa mwenye watoto nyumbani, nakiri zina maana.

Thabeet wangu niliwaza kumpeleka abadilishiwe kasha; kampuni hufanya hivyo kwa malipo. Lakini ile chenga ingesafiri naye njia nzima, ikitembea juu ya uso wake kila lori likipita kwenye shimo, na wakiuona ule mstari 9 inaweza isiwe 9 tena. Kwa hiyo Ijumaa usiku nilitandika taulo mezani, nikapiga picha lebo mbele na nyuma, nikachukua koleo. Niliminya pembe ile ile iliyomeguka, kidogo kidogo, huku mwanangu ameshika taa ya simu. Lilipofunguka, chenga ilianguka kwenye taulo na hatukuiona tena. Kadi nikaishika kwa kingo, nikaiweka kwenye mfuko laini, kisha kwenye kishikio kigumu cha kawaida, kile cha senti chache.

Mwanangu akauliza kama bado ni 9. Nikamwambia hapana, sasa hivi haina namba. Lebo nimeitia kwenye bahasha naipeleka kwa kampuni, ili ile 9 waifute kwenye hesabu yao na asije mtu kuitumia kumdanganya mwingine.